Je, Wajua? Homoni Gani Hiyo Iliyovurugika?

Fungua simu usiku wowote, hutakosa tangazo la unga wa kutibu "mvurugiko wa homoni". Hedhi imeruka? Homoni. Ndevu, chunusi, kitambi, mimba kutoshika, hasira kabla ya kuingia mwezini? Homoni, homoni, homoni. Bibi zetu waliyaita haya yote chango, wakachemsha mizizi. Sisi tumebadili jina na kupandisha bei. Tatizo ni kwamba mwanamke ambaye bado yuko mbali na ukomo wa hedhi anaweza kukosa siku zake kwa sababu ya tezi ya shingoni, tezi iliyo chini ya ubongo, ovari, kongosho, krimu anayojipaka, au mimba ambayo hajaijua. Kila moja ina kipimo chake na tiba yake. Kwa hiyo mtu akikuambia homoni zako zimevurugika, mwulize homoni gani, na ameipima siku gani. Akibabaika, funga pochi yako.

Testosteroni ni ya mwanamke pia

Tena anayo nyingi. Ukipima damu ya mwanamke mwenye afya wa miaka 25, kwa siku nyingi za mzunguko wake utakuta testosteroni imezidi estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yake kuu. Si kosa la maabara. Ovari hutengeneza estrojeni kwa kuibadili testosteroni, na zote mbili chanzo chake ni kolesteroli, ile ile tunayotishwa nayo kliniki ya presha. Vipimo vyenyewe ni vidogo mno: estradioli huhesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu.

Ovari za nguruwe 50,000

Udogo huo uliwatoa jasho wanasayansi. Mwaka 1934 mkemia Mjerumani Adolf Butenandt alihitaji ovari za nguruwe 50,000 ili apate miligramu 20 tu za projesteroni safi, kiasi kisichojaza hata ncha ya kijiko. Alitunukiwa Nobel mwaka 1939, lakini serikali ya Hitler ikamkataza kuipokea.

Aliyeshusha bei alikuwa Mmarekani mmoja mkaidi, Russell Marker. Aliamini projesteroni inaweza kutengenezwa kutokana na viazi mwitu vya Mexico, vya jamii moja na viazi vikuu vyetu. Wakubwa wake hawakumsikiliza. Akaacha kazi chuoni, akaenda Mexico, akachimbisha viazi kwa tani na kutoka na takriban kilo 3 za projesteroni, wakati ambapo dunia ilikuwa ikiuziana kwa gramu. Mwaka 1944 ikaanzishwa kampuni ya Syntex mjini Mexico City, na tarehe 15 Oktoba 1951 mwanafunzi wa hapo, Luis Miramontes, akitengeneza alichoelekezwa na Carl Djerassi, akapata noretisteroni. Kidonge hicho bado kipo: mwanamke akitokwa na damu wiki tatu mfululizo, mara nyingi ndicho daktari anachomwandikia.

Kuna wauzaji wanaoitumia hadithi hii kuuza krimu na unga wa viazi mwitu kama "projesteroni ya asili". Kiazi hakina projesteroni. Kina kemikali inayogeuzwa kuwa projesteroni ndani ya maabara, kwa asidi na joto, na mwili wa binadamu hauna uwezo wa kufanya kazi hiyo. Viazi vikuu kula kwa nazi, kwa sababu ni vitamu.

Weusi wa shingo usiobanduka kwa dodoki

Msichana yuko kidato cha pili. Mama anamkalisha uani na ndoo ya maji ya moto, anamsugua shingo kwa dodoki na sabuni ya kipande, kisha kwa jiwe la kusugulia miguu. Ngozi inachubuka, weusi unabaki. Anaambiwa hajui kuoga. Weusi ule, ulio laini ukiugusa, unaokaa nyuma ya shingo na kwapani, si uchafu. Mara nyingi ni alama kwamba insulini imepanda katika damu kwa sababu mwili hauitikii tena ipasavyo.

Insulini tumezoea kuisikia kwenye habari za kisukari. Kumbe ndiyo inayoongoza vurugu kubwa kuliko zote katika homoni za wanawake wa umri wa kuzaa: ugonjwa unaojulikana kwa herufi PCOS. Insulini ikizidi, ovari huchochewa kutengeneza testosteroni kupita kiasi. Mayai huanza kukua, kisha husimama njiani kabla ya kupevuka. Yai lisipotoka, projesteroni haitengenezwi, na hedhi inaruka miezi miwili, minne, hata minane. Testosteroni nayo huota ndevu kidevuni, huleta chunusi kwenye taya na hupunguza nywele za utosini.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba kati ya wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 8 hadi 13 wana hali hii, na hadi 70 katika kila 100 walio nayo hawajawahi kuambiwa. Si jambo jipya. Mwaka 1721 daktari Mwitaliano, Antonio Vallisneri, aliandika kuhusu wanawake wa shambani, walioolewa na wasiozaa, wenye ovari kubwa, nyeupe, zinazong'aa. Jina la ugonjwa huu katika vitabu vya zamani, hata hivyo, lilitokana na madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliochapisha habari za wanawake saba mwaka 1935. Dawa yao ilikuwa kisu: walikata kipande cha ovari, na hedhi ikarudi kwa wote saba.

Leo hakuna haja ya kukimbilia kisu. Vile vidoti vinavyoonekana kwenye altrasaundi, vinavyowatisha wengi hadi wakatafuta dawa ya "kuyeyusha uvimbe", ni vifuko vya mayai yaliyosimama kukua. Havihitaji kuyeyushwa. Tena altrasaundi peke yake haitoshi kumpa mtu ugonjwa huu. Kwa makubaliano ya wataalamu waliokutana Rotterdam mwaka 2003, lazima yapatikane mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Mwaka 2023 kipimo cha damu cha AMH kiliruhusiwa kushika nafasi ya altrasaundi, kwa watu wazima. Msichana ambaye hajamaliza miaka minane tangu avunje ungo asipewe jina hili kwa altrasaundi, kwa kuwa katika umri huo ovari nyingi zenye afya huonekana hivyo hivyo.

Na usidanganywe kwamba ni ugonjwa wa wanene. Wembamba wanao. Ila kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua hata kidogo kunasaidia: mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 anaweza kuona siku zake zikirudi zenyewe. Sijasema ni rahisi. Insulini ikiwa juu, mwili unang'ang'ania mafuta, na dada anayetembea kila jioni bila mzani kusogea hastahili kuambiwa ni mvivu.

Dawa mbili za ugonjwa huu huwashangaza wagonjwa. Ya kwanza ni metformini, ambayo mtu anaijua kwa sababu babu yake mwenye kisukari anaimeza. Asili yake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyeitoa kwa wagonjwa wa kisukari akachapisha matokeo mwaka 1957. Ya pili ni letrozoli. Mwanamke anayetafuta mtoto anapewa, anafika nyumbani, anafungua karatasi ya ndani ya pakiti na kusoma kwamba ni dawa ya saratani ya matiti. Simu zinaanza kupigwa. Hakuna kosa: dawa hiyo huzuia estrojeni isitengenezwe, ubongo unaona upungufu, unaongeza amri ya kukuza yai. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliohusisha wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli walijifungua watoto hai kwa asilimia 27.5, na waliotumia klomifeni, dawa ya zamani, kwa asilimia 19.1.

Asiyetafuta mtoto naye asikae tu na kufurahia kutonunua pedi. Ukuta wa mji wa mimba unaojengwa na estrojeni miezi yote bila kubomolewa unaweza hatimaye kugeuka saratani. Ndiyo maana daktari hupenda hedhi ije walau kila baada ya miezi mitatu, kwa vidonge vya majira, kwa projesteroni ya vipindi, au ukuta ulindwe kwa kitanzi chenye homoni.

Kisiwa cha Idjwi na muhogo

Katikati ya Ziwa Kivu, upande wa Kongo, kuna kisiwa cha Idjwi. Miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji walikuta jambo lisiloingia akilini: kaskazini mwa kisiwa rovu lilikuwa limeenea mno, kusini-magharibi lilikuwa haba, ilhali upungufu wa madini joto ulikuwa mkubwa pande zote mbili. Jibu lilikuwa chunguni. Muhogo usioandaliwa vizuri hubaki na sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali inayozuia tezi ya shingo kuyanasa hayo madini joto machache yaliyopo. Waliokula muhogo huo kwa wingi walivimba shingo.

Tezi hiyo huwasumbua wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume. Ikilegea, mwanamke huhisi baridi Dar es Salaam mwezi wa pili, choo kinakuwa kigumu, usingizi hauishi, na hedhi inakuja nzito, yenye mabonge. Ikikimbia mno, moyo unadunda, anakonda huku anakula, na hedhi inapungua hata kupotea. Unaweza kuhangaika miaka mitatu na dawa za kizazi, kumbe ugonjwa uko juu ya mabega.

Tanzania ilipiga hatua hapa. Miaka ya 1980 takriban robo ya watoto wa shule walikuwa na rovu. Baada ya chumvi kuwekwa madini joto, mwaka 2004 walibaki kama 7 katika 100. Lakini chumvi ya kopo lililo wazi pembeni ya jiko hupoteza madini hayo, na chumvi ya mawe ya kupimwa kwa kisado mara nyingi haina kabisa. Kopo lifunikwe, na chumvi itiwe mwishoni mwa mapishi.

Kwa aliyeandikiwa levothairoksini: kidonge humezwa kwa maji matupu asubuhi, chai ya maziwa isubiri nusu saa au saa nzima. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu visubiri kwa muda wa saa nne baadaye. Na ukishika mimba usingoje kliniki ya kwanza, mpigie daktari, kwa kuwa dozi kwa kawaida hupandishwa kwa robo au zaidi tangu wiki za mwanzo.

Maziwa bila mtoto

Mwanamke ambaye hajazaa, au aliyeachisha mtoto siku nyingi, anakuta sidiria imelowa. Mtaani atatafutiwa mchawi. Hospitalini atapimwa prolaktini, homoni ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Hiyo ndiyo inayofanya mama anyonyeshaye asione siku zake: mtoto akiwa chini ya miezi sita, akinyonya usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi haijarudi, mama ana kinga ya mimba ya asilimia 98 hivi.

Prolaktini inapopanda bila mtoto, sababu ya kwanza kutafutwa iwe dawa. Metoklopramaidi, ile ya kuzuia kutapika, inaipandisha. Haloperidoli na risperidoni za kliniki ya afya ya akili pia. Usiache dawa za akili kwa sababu hiyo, mwambie aliyekuandikia. Tezi ya shingo iliyolegea nayo huipandisha, kwa hiyo hupimwa pamoja. Ikibaki kuwa ni uvimbe wa pituitari, habari si mbaya kama inavyosikika: kwa kawaida si saratani, na wengi hupona kwa vidonge vya kabagolini au bromokriptini bila kufunguliwa kichwa. Dawa hizo mbili zilitokana na kemikali za ukungu unaoota kwenye nafaka ya rai, ukungu ambao katika Zama za Kati uliua watu wengi Ulaya waliokula mkate wake. Maumivu ya kichwa yakiambatana na kutoona pembeni, mtu akawa anajigonga kwenye fremu za milango, hapo haraka inatakiwa.

Titi lililokauka

Kinyume chake kipo, na kwetu kina uzito kuliko Ulaya. Mama anajifungua, damu inamwagika nyingi mno, anaongezewa chupa mbili tatu na anapona. Anarudi nyumbani. Titi halitoi hata tone. Miezi inapita, hedhi hairudi, nywele za kwapa na za kinenani zinapukutika, anachoka, anahisi baridi, akisimama anaona giza. Wakwe wanasema amerogwa, au wanasema amegoma kunyonyesha.

Mwaka 1937 Harold Sheehan, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Glasgow, alieleza kilichotokea. Wakati wa mimba tezi ya pituitari hukua, mishipa yake ya damu haiongezeki kwa kiasi kile. Presha ikianguka ghafla kwa kuvuja damu, sehemu ya tezi hufa. Ikifa, amri za maziwa, za hedhi, za tezi ya shingo na za tezi zilizo juu ya figo hukatika pamoja. Wanawake wengine hugundulika miaka kumi baadaye, wakiletwa hospitali wamepoteza fahamu kwa malaria ya kawaida tu.

Mbele ya daktari, sentensi moja hufungua njia: nilivuja damu sana nilipojifungua, na maziwa hayakutoka. Iseme hata kama hujaulizwa. Tiba ni vidonge vya maisha vya bei ya chini, na mpangilio una maana: hidrokotisoni hutangulia, homoni ya tezi ya shingo hufuata. Ukigeuza unaweza kumwangusha mgonjwa.

Vurugu za kununua

Nyingine tunajitafutia. Mkorogo wa dukani mara nyingi una klobetasoli, steroidi kali ambayo daktari hairuhusu kuzidi gramu 50 kwa wiki, tena kwa wiki mbili. Mtu anaupaka mwili mzima kwa miaka. Ngozi hunyonya, uso huwa wa mviringo, hedhi hupotea, tezi za juu ya figo hulala. Akiacha ghafla anaweza kuanguka, kwa hiyo kuacha kuwe kwa msaada wa daktari. Deksamethasoni inayomezwa ili kunenepa ni ndugu wa hiyo hiyo, imeingia mwilini kwa njia fupi zaidi.

Kidonge cha P2, cha kuzuia mimba kwa dharura, nacho: miligramu 1.5 za levonojestreli ni sawa na vidonge 50 vya kila siku vyenye homoni hiyo peke yake. Kwa dharura ni salama na kinafaa. Kukimeza kila Jumamosi halafu kushangaa hedhi inakuja inavyotaka, hapana.

Ila sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inaonewa. Baada ya mwaka mmoja, zaidi ya nusu ya wanaoitumia hawaoni damu kabisa, na wanaambiwa damu "inaganda tumboni". Hakuna damu iliyoganda. Ukuta wa mji wa mimba umekuwa mwembamba, hakuna cha kutoka. Jambo la kweli la kumwambia mwanamke kabla ya kuchomwa ni kwamba akitaka mtoto, mimba huchukua kwa wastani miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho. Anayepanga kuzaa mwakani ni heri achague kitanzi, au kijiti ambacho kikitolewa uzazi hurudi upesi.

Homoni sawa, mateso ya kweli

Mwaka 1953 madaktari wawili wa London, Katharina Dalton na Raymond Greene, waliandika kuhusu mateso ya kabla ya hedhi na kuyapa jina lililoenea duniani. Greene, kwa taarifa yako, alikuwa pia daktari wa msafara uliojaribu kupanda Everest mwaka 1933. Kuna wanawake wachache ambao hali hiyo kwao hufika mahali pa kutaka kujiua, kila mwezi, wiki ile ile, kisha damu ikianza wanarudi watu wazuri.

Ukiwapima, homoni zao ziko sawa kabisa na za jirani. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1998 kwamba ukizizima homoni za ovari kisha ukazirudisha, wenye tatizo huanguka tena, wasio nalo hawahisi kitu. Tofauti iko kwenye ubongo unavyozipokea. Hapa unga wa "kubalansi homoni" hauna cha kubalansi, wakati baadhi ya dawa za sonona, hata zikitumiwa wiki mbili tu za mwisho wa mzunguko, huwafaa wengi.

Na bweni zima kuingia mwezini pamoja? Dai hilo lilitoka kwenye utafiti wa Martha McClintock uliochapishwa mwaka 1971, kwa wanafunzi 135 wa chuo kimoja Marekani. Wanafunzi 186 wa mabweni ya China walipofuatiliwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2006, uchawi huo haukuonekana. Mizunguko yenye urefu tofauti lazima ikutane mara kwa mara, kisha iachane.

Siku ya kipimo

Karatasi ndefu ya homoni kumi, iliyopimwa siku yoyote mtu alipopata nauli, ina thamani ndogo. FSH na LH, homoni za pituitari zinazoamrisha ovari, hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Projesteroni hupimwa siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa: kwa mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 21, kwa mwenye siku 35 ni ya 28. Wengi wamekatishwa tamaa kwamba "hawapevushi yai" kwa sababu tu walipimwa wiki moja mapema. Anayemeza biotini ya kukuza nywele na kucha amwambie mtu wa maabara, maana inavuruga baadhi ya mashine na kumpa mtu mzima wa afya majibu ya tezi ya shingo iliyochachamaa.

Kabla ya yote, kipimo cha mimba. Leo ni kijiti cha dakika tano. Miaka ya 1930 ilikuwa chura: Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, aligundua kwamba chura wa kucha wa kusini mwa Afrika hutaga mayai akichomwa homoni. Maelfu ya vyura hao walisafirishwa kwa meli, wakachomwa mkojo wa wanawake. Akitaga kesho yake, mama ni mjamzito. Hospitali za Ulaya na Marekani ziliwatumia hadi miaka ya 1960.

Kama kipimo cha mimba ni hasi na homoni zote ni nzuri, bado kuna la kuuliza. Kifua kikuu hushambulia pia mji wa mimba na kuufunga kwa makovu, na usafishaji uliofanywa vibaya baada ya mimba kuharibika huacha makovu kama hayo. Wasichana wanaokimbia kilomita nyingi, kule Iten, Kenya, na kwingineko, hupoteza hedhi kwa kula kidogo kuliko wanavyotumia. Ubongo huzima uzazi ili kuokoa nguvu, na mifupa huanza kupata nyufa. Tiba yao ni sahani kubwa zaidi na mapumziko.

Hedhi inapokoma kabla ya miaka 40, usikubali kuambiwa "umezeeka mapema" ukarudishwa nyumbani. Ni ovari zilizochoka kabla ya wakati, na homoni zinazokosekana hurudishwa kwa dawa hadi karibu miaka 50, kwa ajili ya mifupa na moyo. Daktari mwangalifu ataulizia pia kama kuna kijana wa kiume katika ukoo mwenye ulemavu wa akili, kwa sababu kasoro moja ya kromosomu X huleta mambo hayo mawili kwenye familia moja. Kati ya wanawake ambao ovari zimechoka hivyo, 5 hadi 10 katika 100 hushika mimba wenyewe bila kutarajia, yai moja likikurupuka. Asiyetaka mtoto bado anahitaji kinga.